Matawi ya Njiapanda, sehemu ya tisa: Aliyeyaweka

Tulimwacha Déogratias amesimama chini ya kijiko cha mashine, na kijiko kimejaa mawe.

Hakukiona. Macho yake yote yalikuwa kwenye mdomo wa Kwizera, mmoja wa madereva wa mashine za kuchimba, aliyekuwa ameshuka kwenye yake, maana mdomo ule ndio ulikuwa umetoka kusema, "Minye najua nani aliondoa yale matawi." Kando ya uzio wa yadi ya kampuni ya barabara msumeno wa injini ulikuwa unakula mikaratusi ya barabarani, ngaaa, ngaaa, tangu asubuhi. Katika kelele ile mtu hasikii hata kifo chake kikimpandia kichwani.

Kwizera ndiye alitazama juu. Akamsukuma Déo kifuani kwa mikono miwili.

Mawe yakashuka.

Déo alianguka chali kwenye matope. Alipoinuka, pale alipokuwa amesimama palikuwa na rundo la mawe makali, na katika rundo lile mkono mmoja umechomoza, unafunga na kufungua vidole kama mtu anayesimamisha teksi.

Alichimba kwa kucha. Kikatoka kichwa, kikatoka kifua. Alipouvuta mguu wa kushoto, ulikuja umetazama nyuma.

"Bado iko napumua," sauti ilisema nyuma yake. "Pole kwake."

Ilikuwa sauti ya chef Luc, msimamizi wa kazi zote za njiapanda. Kofia yake ya plastiki ilikuwa nyeupe kuliko za wote, kwa sababu haikuwahi kusogea karibu na kazi. Pembeni yake walisimama walinzi wawili, mmoja na koleo, mwingine na mikono mitupu iliyo minene kama magogo.

"Ajali ya kazi," Luc alisema. "Mwenye mashine hakuona. Vumbi nyingi."

"Mvua iko nanyesha tangu asubuhi. Vumbi gani?"

"Weye dereva wa Fuso unajua sana kazi yetu. Kila siku munakaa pale kwa Bibiche, munachunguza mawe yetu kama bake wenza. Nani aliwaita?"

Ni kweli, walikaa. Tangu mashine zifike pale ambapo barabara ya uwanda wa Ruzizi inakutana na ile ya mpakani, madereva wa Uvira walihamia kwenye kibanda cha chai cha Bibiche. Walitazama kazi kama wengine wanavyotazama mpira. Huyu anasema zege ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, yule anasema mtaro unapanda mlima, maji yatacheka. Kila mtu fundi, kila mtu na kikombe chake.

Kampuni ilipochimba mtaro katikati ya njia na kuuacha wazi, bila ubao wala kamba, madereva walifanya kile madereva wa huku wanachofanya. Walikata matawi wakayalaza barabarani. Kila anayeshika usukani anaijua sheria hii. Matawi mabichi, kuna hatari, pita kushoto. Na aliyeyaweka ndiye anayeyaondoa, siku hatari imekwisha. Mwingine hayagusi, hata awe dereva wa gavana.

Jioni moja matawi hayakuwepo. Léocadie, mke wa Déo, alikuwa anarudi Nyamianda juu ya pikipiki na beseni lake la samaki wa ndagala. Mwenye pikipiki hakuona tawi, akanyoosha. Chini ya mtaro vyuma vilikuwa vimesimama wima, vinangoja zege. Mwenye pikipiki alikufa palepale. Léocadie alichukua muda. Wakubwa walituma jeneza na mtu wa kusoma hotuba.

Tangu siku hiyo Déo alitaka kitu kimoja duniani, jina la mtu aliyeondoa matawi. Na jina hilo sasa lilikuwa limelala kando ya rundo la mawe, linatoa povu jekundu.

"Mupige huyu," Luc alisema, akiwa anatazama saa yake.

Koleo lilimkuta Déo begani. Alisikia mfupa ukilia kabla ya maumivu kufika. La pili alilikwepa, akachota kokoto kwa kiganja, akamjaza mlinzi mdomoni na kumsukumia humo kwa ngumi. Meno yalitoka pamoja na kokoto, huwezi kusema lipi ni lipi. Wa pili alimkaba kutoka nyuma. Déo alimkanyaga kidole gumba cha mguu, akamrudishia kisogo puani, wakaanguka wote wawili, na Déo akawahi jiwe. Alipiga goti la mtu yule mpaka likaacha kuwa goti.

Alikuwa hapigani tena kama mtu mwenye hasira. Alipiga kama mtu anayetwanga.

"Lete hiyo," Luc alimwambia mwenye msumeno.

Mwenye msumeno alisitasita. "Chef, hii ni ya miti."

"Na yeye si muti? Kila siku iko amesimama kwa barabara yetu."

Aliunyang'anya mwenyewe. Ngaaa. Déo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mawe, Kwizera chini ya miguu yake. Luc alikuja polepole, mikono imenyooka mbele, kama mtu aliyebeba nyoka wa jirani. Alirusha mara ya kwanza, ukakata hewa. Mara ya pili meno ya msumeno yalipita juu ya mkono wa Déo, yakachukua shati na yakachukua nyama, na damu ikaruka ikaandika mstari kwenye ile kofia nyeupe. Kwa mara ya kwanza ikaonekana kofia ya mtu wa kazi.

Mara ya tatu haikufika. Lango la mabati lilianguka ndani kwa kishindo, na juu yake ikapanda Probox ya kijivu, taa moja imevunjika. Mlinzi wa goti alikuwa anajaribu kutambaa. Gari lilimpanda mguu wa pili.

"Ingia, mudogo," dereva alisema. "Muingize na yeye. Upesi."

Alikuwa Alimasi, mkubwa wa madereva wa njiapanda, mtu wa ukoo uliofanya biashara ya ziwani tangu enzi za mababu. Yeye Muislamu, Déo Mkristo, lakini siku ya mazishi ya Léocadie ni yeye alibeba jeneza upande wa mbele, na mke wake Sharifa ndiye alipikia matanga yote. Déo alimtupa Kwizera kwenye kiti cha nyuma kama gunia, akaruka ndani, na Probox ikatoka kinyumenyume.

Luc hakukimbilia gari. Alizima msumeno, akatoa redio kiunoni, akaanza kuongea humo kwa upole, kama mtu anayeagiza chakula.

Kutoka kwa kampuni mpaka njiapanda si mbali, lakini barabara ile imeliwa. Unapita shimo, unaingia bwawa, unatoka bwawa, unakuta ng'ombe. Na lazima wapite njiapanda, maana hospitali iko upande wa mjini.

"Yaya," Déo alisema, akimwita kaka kama siku zote, "Mungu njo amekutuma."

"Nilikuwa karibu," Alimasi alisema. Hakugeuka.

Msomaji, mtu anatafuta nini karibu na lango la kampuni siku ya mvua? Déo hakujiuliza. Damu ikikuingia machoni, unaona rafiki tu.

Kichwa cha Kwizera kilikuwa mapajani mwake, uso umetazama paa la gari. Kila pumzi ilitoka na sauti ya maji.

"Usilale," Déo alimwambia. "Uliniita uniambie jina. Niambie."

"Muache apumzike," Alimasi alisema mbele. "Kusema kunamaliza damu."

"Akifa, jina linakufa naye."

"Atasema kwa hospitali. Daktari kwanza."

"Nimengoja kutosha, yaya. Kwizera. Nani?"

Kwizera alimeza. "Ile siku... bakubwa balikuwa banakuya. Kutazama kazi. Na bantu ya kamera."

"Bakubwa gani?"

"Ya kutoka mbali. Ya mikoti. Chef Luc akasema yale matawi yanaleta haya. Yanaonyesha siye hatuna hata ubao ya kufunga mutaro. Akasema tuondoe ule uchafu mbele msafara haujafika."

Hivyo ndivyo ilivyo, na ndivyo itakavyokuwa. Mkubwa akija, hata matope yanafagiwa. Wangeweza kuweka ubao. Wangeweza kujaza mtaro. Waliona rahisi zaidi kuondoa dalili kwamba kuna mtaro.

"Na mukaondoa," Déo alisema. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukaza kwenye bega la Kwizera.

"Siye? Hapana, ndugu. Bote tulikataa. Hata minye wa ng'ambo ya Ruzizi, ile sheria iko kwetu pia. Unaondoa tawi ya mwenzako, unaondoa muntu. Chef alipiga moja wetu makofi, akamufukuza kazi palepale. Tukakataa."

"Basi nani?"

"Huyu anachoka," Alimasi alisema. "Déo, utamuua."

"Yaya, tazama barabara. Nani, Kwizera?"

"Chef akasema... sawa. Kama sheria yenu njo hiyo, mumuite mwenyewe. Yule aliyeyaweka."

Probox iliingia shimo, ikatoka.

Déo alirudi kichwani mwake mpaka asubuhi ile mashine zilipofungua mtaro. Alikuwa kwenye benchi la Bibiche na kikombe mkononi, na wenzake wote walikuwepo. Mtu mmoja alipanda mti na panga lake. Tawi lilimvua kofia, kofia ikabaki inaning'inia juu, wote wakacheka mpaka chai ikawatoka puani. Mtu yule alishuka kichwa wazi, akayalaza matawi mstari mmoja mbele ya mtaro, akageuka kwao na kusema lile neno linalosemwa. Minye nimeweka, minye nitaondoa.

Baadaye walimwangulia kofia kwa fimbo. Kofia ya nakshi, ya kusalia.

Déo aliinua macho kwenye kioo cha mbele. Macho ya Alimasi yalikuwa tayari humo, yanamngoja.

Kwizera, ambaye tangu ameingizwa hakuwa ameona kitu isipokuwa paa, aliuliza taratibu, "Kwani hii gari ni ya nani?"

Chini ya kiti kulikuwa na chuma cha kufungulia magurudumu. Déo alikiokota. Alikipitisha juu ya kiti cha mbele, akakilaza kooni kwa Alimasi, akashika ncha mbili na kuvuta. Mkono uliokatwa ulimwaga damu kwenye kanzu ya rafiki yake. Bega lililovunjika lililia. Alivuta.

Alimasi hakuacha usukani. Mkono mmoja uliendesha, mwingine ulijaribu kupenyeza vidole kati ya chuma na koo.

"Sema," Déo alisema.

"Legeza... nitasema."

Alilegeza kidogo, kiasi cha pumzi.

"Luc aliniita. Akasema lori ya udongo iko njiani kujaza mutaro. Nikamwambia sigusi mpaka niione. Nikaiona, Déo. Kwa macho. Imejaa mpaka juu, imesimama pale kwa mutaro, mwenye kuiendesha iko ananipungia mukono. Nikasema basi, hatari imekwisha. Nikaondoa tawi zangu."

"Na udongo?"

"Msafara ulipita. Bakapiga picha. Minye nikaenda kusali. Nyuma yangu lori ikageuka, ikaenda Mulongwe, kule mujini, kumwaga udongo kwa kiwanja ya mukubwa mumoja. Mafuriko ilikuwa inamuingilia kwa nyumba."

Mke wake alikufa ili mtu fulani Mulongwe asilowanishe zulia.

"Ukanyamaza," alisema. "Ukabeba jeneza."

"Nilibeba mbele ili nisione uso wako."

Chuma kilirudi kooni chenyewe. Alimasi alianza kukoroma, uso unageuka rangi ya figili, na gari likaanza kuyumba kutoka ukingo hadi ukingo. Mama mmoja na mzigo wake wa kuni aliruka mtaroni.

"Njo maana ulikuwa karibu," Déo alisema sikioni kwake. "Ulimfuata huyu asiseme."

"Nilimfuata... nijue kama atasema. Nilipoona msumeno... nikavunja lango. Gari yangu, mudogo. Nani alinilazimisha?"

Déo aliendelea kuvuta, lakini si kwa nguvu ile ya kwanza.

"Niue," Alimasi alisema. "Ni haki yako. Lakini si sasa. Huyu akifika kwa daktari ataishi, atasimama pale kwa Bibiche mbele ya madereva bote, atasema Luc, atasema lori, atasema kiwanja. Na jina langu atalisema. Akifia hapa, Luc ataamka kesho na kofia yake nyeupe. Weye na huo mukono, utaendesha?"

Kwizera alikohoa. Kilichotoka kilikuwa cheusi. "Bantu ya Mungu," alisema, "mungojane munifikishe."

Déo alilegeza. Hakuondoa chuma. Alikiacha pale kooni kama ukosi, akasema, "Endesha."

Njiapanda ilitokea mbele yao. Mvua ilikuwa imekatika, zege mpya inang'aa, vyuma vimesimama kila mahali kama shamba la mihogo lililoungua. Kibanda cha Bibiche kilikuwa kushoto kwa mbali, madereva wamejaa kama siku zote, wanatazama.

Na katikati ya barabara, mbele ya Probox, matawi.

Rundo zima, mabichi, majani bado yanadondosha maji. Yalikuwa yamefunga upande wa kulia, ule wa zege, na kuacha upande wa kushoto wazi, udongo mwekundu uliosawazishwa vizuri kama kitanda cha bibi harusi.

Alimasi aliondoa mguu kwenye mafuta.

"Hayo si yangu," alisema.

"Kushoto," Déo alisema.

"Nimepita hapa sasa hivi nikikuja kwenu. Kwa zege, na njia ilikuwa wazi. Nani ataweka matawi kwa njiapanda hii bila kuniambia?"

"Mabichi. Pita kushoto."

"Naenda juu yao, Déo. Nanyoosha."

"Ile siku mwenye pikipiki alinyoosha pia."

"Minye njo naweka matawi hapa. Nisikilize."

"Njo maana sikusikilizi."

Alimasi alikanyaga mafuta na kuielekeza Probox moja kwa moja kwenye rundo. Nyuma yake Déo aliona rundo linakua, kijani, karibu, na mwili wake wote wa dereva ukakataa. Baba yake alimfundisha sheria ile kabla ya kumfundisha breki. Aliitii kwenye milima ya Lemera, aliitii kwenye uwanda wote, na siku moja tu ambayo ilivunjwa, ilimchukua mke. Mtu mwongo anasema nyoosha. Matawi yanasema kushoto. Yeye amwamini nani?

Aliacha chuma kikaanguka. Akapenyeza mkono mzima juu ya bega la Alimasi, akashika usukani, akauvuta kushoto kwa nguvu zake zote.

Alimasi alivuta kulia. Probox ilipiga kelele, ikakaa kwa magurudumu mawili, Kwizera akalia jina la mama yake. Alimasi alimng'ata Déo kidole, akasikia mfupa, Déo hakuachia. Usukani ulikuja kushoto, na gari likaja nao.

Walipita kando ya rundo, karibu kiasi cha kuligusa. Na hapo, kupitia kioo cha pembeni, Déo aliona vikonyo vya matawi.

Panga linauma tawi upande upande, linaacha kovu la mshazari na nyuzi zimening'inia. Vikonyo vile vilikuwa bapa, vyeupe, laini kama meza ya padri. Ilikuwa mikaratusi. Harufu yake iliingia garini ikiwa imechanganyika na harufu ya petroli.

Hakuna dereva mmoja wa Uvira mwenye msumeno wa injini; wenye nao ni watu wa Luc, na Luc alikuwa na redio.

"Breki," Déo alisema. "Yaya, breki."

Kule kwenye kibanda madereva wote walikuwa wamesimama. Bibiche alikuwa ameweka mikono miwili kichwani, kama mwanamke anavyofanya mbele ya maiti.

Alimasi alikanyaga breki mpaka chini. Udongo mwekundu ulinesa kama mkeka uliotandikwa juu ya kisima, na magurudumu ya mbele yakaacha kutoa sauti.